Chombo cha Euphronios: Nani Aliuliza Kilitoka Wapi?

Mabibi na mabwana, jioni hii nina chombo kimoja tu: chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, kilichofinyangwa Athens mnamo mwaka 515 kabla ya Kristo. Mfinyanzi ni Euxitheos, mchoraji ni Euphronios, na wote wawili wametia majina yao.

Itazameni picha. Sarpedon, mwana wa Zeus, ameuawa vitani Troya. Usingizi na Mauti, ndugu wawili wenye mbawa, wanamwinua huku damu ikichuruzika majerahani. Wekundu wa miili yao si rangi, ni udongo wenyewe. Mchoraji alipaka udongo mwembamba uliochujwa pembezoni mwa miili, tanuri likazibwa hewa, chombo kizima kikawa cheusi. Hewa iliporudishwa, palipoachwa wazi pakarejea wekundu; palipopakwa pakabaki peusi hadi leo.

Mwaka 1972 Makumbusho ya Metropolitan, New York, yalikinunua kwa dola milioni 1 kutoka kwa dalali Robert Hecht. Alidai kimetoka kwa mkusanyaji mmoja wa Lebanoni, mali ya familia ya siku nyingi. Hapo ndipo mkusanyiko binafsi unapogeuka sabuni: kitu cha wizi kinaingia kichafu, kinatoka na hati.

Ukweli ni kwamba waporaji wa makaburi walikifukua Cerveteri, Italia, mwishoni mwa 1971. Mwaka 1995 polisi walivamia ghala la dalali mwingine, Giacomo Medici, kule Geneva, wakakuta maelfu ya picha, nyingine za vyombo vikiwa bado na udongo wa kaburini. Medici alikuwa hata amepiga picha New York, kasimama kando ya chombo hiki. Jeuri iliyoje! Kilirudi Italia mwaka 2008.

Sina ugomvi na kila mkusanyaji. Mkusanyiko wa William Hamilton, ulionunuliwa na Makumbusho ya Uingereza mwaka 1772, umewafundisha wengi. Ila naona wengine wanajitetea kwamba bila wao vitu hivi vingeharibika ardhini. Vingeharibikaje? Waetruski, watu wa kale wa Italia, walivizika na wafu wao, na hiki kilikaa humo miaka zaidi ya 2,400. Kilichopotea kimepotea usiku ule wa kufukua: nani alizikwa nacho, na vitu gani vingine vilikuwa ubavuni mwake. Hilo halimo katika hati yoyote, ya kweli wala ya kughushi.