Arvid Pardo na Bahari Tuliyogawana

Asante, mwenyekiti. Wasifu wa Pardo mmeshasomewa, naugusa tu. Baba Mmalta, mama Mswidi, kazaliwa Roma 1914, yatima tangu utotoni. Mafashisti wa Italia walimfunga, Wanazi wakamfunga tena, akatoka gerezani Berlin vita vikiisha. Umoja wa Mataifa ukamwajiri kutunza nyaraka. Wanafunzi wangu wananicheka kwamba kila mwaka nakwama hapa kwenye nyaraka. Leo pia nitakwama, kwa sababu hotuba yake ya 1967 kuhusu sakafu ya bahari husimuliwa kana kwamba jamaa aliamka asubuhi akapata maono. Haikuwa hivyo. Alikuwa amesoma!

Novemba 1, 1967. Malta ni kilomita za mraba 316, Pemba inaimeza, na ina uhuru wa miaka mitatu. Balozi wake, Pardo, anasimama Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, anasema asubuhi, anarudi mchana kuendelea. Wajumbe waliozoea salamu na pongezi wanapewa jiolojia: vinundu vyeusi vya ukubwa wa kiazi mviringo, vimelala kilomita nne hadi sita chini ya maji, ndani yake manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na kila kimoja hukua milimita chache tu kwa miaka milioni.

Kisha akaifungua sheria. Mkataba wa kimataifa wa 1958 uliipa nchi ya pwani sakafu ya bahari hadi kina cha mita 200, na zaidi ya hapo mpaka pale itakapoweza kuchimba. Sasa niambieni: mwaka ule nani alikuwa na uwezo wa kuchimba? Ukisema sakafu haina mwenyewe, anaichukua wa kwanza kufika. Ukisema ni ya nchi za pwani, inakwenda kulekule, kwa mwenye uwezo wa kuchimba. Pardo akasema ni urithi wa pamoja wa binadamu. Na hapa watu hunukuu jina wakasahau kazi yake: alitaka chombo chenye mamlaka ya kusimamia, silaha zisitiwe, na mapato yazitangulize nchi maskini.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu wa siku zote. Mwaka 1972, pale Geneva, Kenya ndiyo iliyoweka mezani rasimu ya Ukanda wa Kiuchumi wa maili 200 za baharini, yaani eneo ambalo rasilimali zake ni za nchi ya pwani. Sisi wenyewe! Najua mtanijibu: “Mwalimu, bila maili 200 meli za kigeni zingetumalizia jodari.” Kweli, sibishi. Lakini ndani ya maili hizo kuna sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa duniani na karibu mafuta na gesi yote ya baharini. Nani kafaidi zaidi? Ufaransa, kwa visiwa vyake vya mbali, Mayotte hapo jirani ikiwemo, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 10. Uganda, Rwanda na Burundi zina sifuri. Wamepewa kifungu cha kuomba samaki wa ziada, na msimamizi wa hiyo ziada ni mwenye ukanda. Pardo alisikitika hadharani kwamba urithi ulibaki vile vinundu tu.

Naharakishwa. Serikali mpya ya Malta ilimwondoa 1971. Azimio la Baraza Kuu la 1970 kuhusu kanuni za sakafu ya bahari lilikuwa limeshapita, mkataba wa sheria ya bahari ukasainiwa Montego Bay 1982, ukaanza kutumika 1994. Kifungu cha 136, kile cha urithi wa pamoja wa binadamu, ni chake. Mwaka huohuo wa 1994, ili kuzivuta nchi tajiri, sharti la kutupatia teknolojia ya uchimbaji liliondolewa; hilo peke yake lingehitaji mhadhara wa saa nzima. Marekani mpaka leo haijaridhia. Mamlaka ya Sakafu ya Bahari, msimamizi wa uchimbaji, iko Kingston, Jamaika, na Mahakama ya Sheria ya Bahari ya Hamburg ilipofunguliwa 1996 Jaji Warioba wetu alikuwamo. Pardo alifariki 1999.

Haya, maswali. Tuanze na ndugu zetu wa Kampala, leo wana haki ya kulalamika.