Muziki Unyamaze Kitufe Kikibonyezwa

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Naanza na kitufe kimoja cha kibodi, kile chenye pembetatu na vijiti viwili. Mtu anaandika ripoti, muziki unapiga nyuma ya madirisha mengine, mara simu inaita. Anakibonyeza. Muziki usiponyamaza papo hapo, ataanza kulisaka dirisha la programu yako huku simu ikizidi kuita. Kama wewe ndiye uliyeiandika programu hiyo, umemwangusha.

Nazungumzia Linux, kwa kuwa huko ndiko ninakofanyia kazi. Windows na macOS zina taratibu zake. Zamani kila programu ilijaribu kukishika kitufe yenyewe, na mbili zikikitaka kwa pamoja, moja ilikikosa. Utaratibu wa sasa, ambao programu za muziki na video hupokelea amri na kutangaza hali zake, unaitwa MPRIS. Unapita juu ya D-Bus, njia ambayo programu zilizo katika kompyuta moja hupelekeana ujumbe.

Kujiunga si kazi kubwa. Programu inajisajili kwenye D-Bus ya mtumiaji kwa jina linaloanza na org.mpris.MediaPlayer2, ikifuatiwa na nukta na jina lake yenyewe, kisha inapatikana kwenye njia /org/mpris/MediaPlayer2. Violesura viwili, yaani makundi ya amri na sifa ambazo programu nyingine huzitumia, ni vya lazima: kimoja cha kujitambulisha, na kingine, kinachoishia na neno Player, cha kupokea amri kama Play, Pause, PlayPause, Next na Previous. Ikiwa programu yako yaweza kufunguliwa mara mbili kwa wakati mmoja, nakala ya pili iongezewe kitambulisho mwishoni mwa jina, vinginevyo majina yatagongana.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapowaomba msiishie. Kupokea amri ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni kutoa habari za kweli. Maeneokazi ya Linux kama GNOME na KDE Plasma, hata simu iliyounganishwa na kompyuta kwa programu ya KDE Connect, haziioni injini yako, ile sehemu ya programu inayocheza wimbo wenyewe. Zinajua ulichozitangazia tu.

Programu yangu ya kwanza ilitangaza hali yake pale tu amri ilipokuja kutoka nje, kwa MPRIS. Mtumiaji akisitisha wimbo kwa kitufe cha ndani ya dirisha langu, eneokazi liliendelea kuamini kwamba unacheza. Nilihangaika kurekebisha kitufe kimoja kimoja, na kila nilipoongeza kipya nilisahau tena. Dawa ilikuwa kuitoa kazi ya kutangaza kwenye vitufe na kuikabidhi injini: hali ikibadilika, PlaybackStatus, sifa inayosema kama wimbo unacheza au umesitishwa, itangazwe, yeyote aliyeamuru.

Sasa tuje kwenye sifa ya Position, mahali wimbo ulipofika, maana hapa ndipo nimeona makosa mengi. Inahesabiwa kwa mikrosekunde, 1,000,000 kwa kila sekunde. Ukitangaza urefu wa wimbo wa dakika 4 kwa milisekunde, eneokazi litadhani una sekunde 0.24. Tena, Position haitangazwi kila inaposogea. Eneokazi huiuliza, kisha hujihesabia lenyewe kwa kufuata kasi ya kucheza. Mpango huu naupenda, kwani unaepusha mafuriko ya ujumbe. Lakini mtumiaji akiruka kutoka dakika ya 1 hadi ya 3, hesabu hiyo inaharibika, na ni wewe unayepaswa kutuma ishara ya Seeked yenye mahali papya. Usipoituma, mstari wa eneokazi unaoonyesha wimbo ulipofika utabaki nyuma mpaka liulize tena.

Amri ya SetPosition nayo inabeba utambulisho wa wimbo pamoja na mahali pa kwenda. Kwa nini? Fikirini mtu anavuta mstari wimbo ukiwa unamalizika. Amri inafika wimbo unaofuata umeshaanza. Bila utambulisho, huo mpya ndio ungerushwa mbele, nao hauna kosa. Kwa hiyo linganisha kwanza. Usipooana, amri hiyo iache. Na utambulisho wenyewe, mpris:trackid, ni njia ya D-Bus: kati ya mikwaju (/) zinaruhusiwa herufi za A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu na mstari wa chini tu. Msitumie jina la faili lenye nafasi. Msanii naye, xesam:artist, hutumwa kama orodha hata akiwa mmoja.

Semeni kweli pia kuhusu msichoweza. Mkifika mwisho wa orodha bila marudio, sifa ya CanGoNext, inayosema kama kuna wimbo wa kwenda mbele, iwe hapana. Redio ya moja kwa moja isiyoweza kurudishwa nyuma, CanSeek, inayosema kama mtumiaji anaweza kuruka ndani ya wimbo, iwe hapana, na urefu msiutaje kabisa. Sifuri nayo ni tarakimu, itasomwa.

Jambo moja linanigusa sana, hasa kwenye programu za video. Kichwa na picha mnavyotangaza vinaweza kuonekana kwenye skrini iliyofungwa, mbele ya yeyote anayepita. Mpeni mtumiaji mahali pa kuzima matangazo hayo, tena pawe wazi.

Kujaribu, tumieni playerctl, programu ndogo ya kuandikia amri inayozungumza na programu yenu kwa MPRIS. Amri ya playerctl metadata itawaonyesha mlichotangaza hasa, si mnachodhani mmetangaza. Yangu nimeiwasha hapa mbele; mwenye kompyuta na asogee, tuanze na kuvuta mstari.