Njiwa wa Mjini: Kuwapunguza Bila Kuwaua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupunguza njiwa mijini bila ukatili. Najua wengi wenu humu ndani ni wasimamizi wa majengo na watu wa usafi, na kinyesi cha njiwa ndicho kinachowasalimu kila asubuhi, kwa hiyo sitawahubiria huruma. Nitaanza na hesabu.

Njiwa jike hutaga mayai mawili. Yeye na dume lake hupokezana kuatamia kwa siku 18 hivi. Makinda wakianguliwa hulishwa ute mzito unaotengenezwa kwenye mfuko wa kooni, baba na mama wote wawili, na ndiyo maana huitwa maziwa ya njiwa. Ndege wengi wanaokula mbegu hungojea msimu wa wadudu ndipo walee watoto. Njiwa hangojei. Makinda huruka wakiwa na wiki nne au tano, na mara nyingi mama huwa ameshataga tena hata kabla hawajatoka kiotani. Chakula kikiwa tele, jozi moja inaweza kuzaa mara tano, hata sita, kwa mwaka.

Sasa chukua bunduki, au sumu, au mtego, uondoe nusu ya kundi. Waliobaki wanagawana chakula kilekile kilichokuwa kinalisha kundi zima. Makinda ambao wangekufa njaa wanapona, na vipenyo vilivyoachwa wazi vinapata wapangaji wapya. Mji wa Basel, Uswisi, ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa: kati ya 1961 na 1985 waliuawa njiwa wapatao 100,000, na idadi yao haikushuka kwa kudumu. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Mwaka 1988 mji ukabadili mkakati, mwanabiolojia Daniel Haag-Wackernagel akiwa mstari wa mbele. Nguvu ikaelekezwa kwenye chakula. Wananchi walielezwa kwa mabango na vipeperushi kwamba kumwaga nafaka barabarani kunazalisha msongamano, magonjwa na makinda wanaokufa kiotani. Pamoja na hayo yakajengwa mabanda maalumu ya njiwa, ambayo nitayaeleza baadaye. Baada ya miaka minne hivi, makundi yaliyokuwa yakihesabiwa yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo anayeamua idadi ya njiwa mjini ni mtu mwenye mfuko wa mkate, akisaidiwa na pipa la taka lisilo na kifuniko. Njiwa mmoja anatosheka na gramu 30 au 40 za nafaka kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: gunia la kilo 30 linalomwagwa kila siku uwanjani linalisha ndege 750 au zaidi.

Hapa mara nyingi tunakosea kwa kukimbilia faini. Anayelisha njiwa kila siku kwa miaka ni mtu anayewapenda, na pengine hana mwingine anayemngojea asubuhi. Ukimtoza faini, atakuja saa kumi na moja alfajiri kabla askari hajaamka. Mimi ningemtafuta, nizungumze naye kwa heshima, nimpe ufunguo wa banda. Hakuna atakayewachunga njiwa kwa uaminifu kumzidi. Marufuku ina kazi yake pale panapohusika biashara. Huko Trafalgar Square, London, uuzaji wa nafaka kwa watalii ulisimamishwa mwaka 2001 na kulisha kukapigwa marufuku mwaka 2003. Venice nayo iliwaondoa wauza nafaka kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko mwaka 2008. Ila chakula kisikatwe kwa siku moja. Kundi lililozoea kulishwa haliondoki kesho yake. Ndege hukaa palepale wakidhoofu, na wanaokufa kwanza ni makinda. Punguzeni kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa.

Sasa mabanda. Mji wa Augsburg, Ujerumani, ulianza kuyatumia miaka ya 1990, na njia hiyo imeigwa na miji mingine mingi. Banda huwekwa juu ya paa au darini, karibu kabisa na mahali njiwa wanapokaa tayari. Ukiliweka mbali utalifuga vumbi. Ndani kuna maji, chakula safi na vibweta vya kutagia. Njiwa wakizoea, hulala humo, kutaga humo, na sehemu kubwa ya kinyesi huangukia sakafuni ambapo mtu mmoja anaweza kukikwangua.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtunzaji anapita kwenye vibweta mara mbili kwa wiki. Kiota cha njiwa si kitu cha kusifia: vijiti vichache, nyuzi, manyoya, vyote vimegandishwa kwa kinyesi. Anaingiza mkono chini ya ndege, taratibu, kwa sababu atapigwa bawa. Analitoa yai na kuweka la plastiki au la jasi, lenye ukubwa na uzito uleule. Kwa nini asiliondoe tu? Kwa sababu njiwa akikuta kiota kitupu hutaga upya baada ya siku chache, na kutaga mfululizo kunammaliza kalsiamu mwilini. Akiwa na yai la bandia ataatamia siku zake zote ndipo akate tamaa. Mayai yabadilishwe mapema, siku chache tu baada ya kutagwa, kabla hakijaumbika kitu ndani.

Udhaifu wa njia hii nitausema waziwazi, maana wauzaji wa mabanda hawatawaambia. Banda lisilotembelewa kwa mwezi mmoja ni kiwanda cha njiwa: chakula bure, paa zuri, hakuna ndege mwindaji kama kozi, wala paka. Kama hamna mtu wa uhakika, pamoja na wa kumshikia zamu akiugua, msianze.

Pasipo na nafasi ya banda kuna dawa ya kuzuia uzazi, nikabazini. Wafugaji wa kuku wanaijua kama kinga ya koksidiosisi, ugonjwa wa matumbo ya kuku, na walishagundua zamani kwamba kuku wa mayai akipewa, mayai yake hayaanguliwi vizuri. Punje za mahindi hupakwa dawa hiyo na kumwagwa kwa mashine alfajiri, mahali palepale, saa ileile. Marekani iliisajili kwa ajili ya njiwa mwaka 2007, na Barcelona ilianza kuitumia mwaka 2017. Haiui, na ikikatizwa uzazi hurudi. Hiyo ya pili ni sifa na ni kasoro: mkiruka wiki mbili kwa sababu bajeti haijasainiwa, mmerudi nyuma.

Kwenye majengo nitapita haraka. Wavu wenye matundu ya milimita 50 unafaa, mradi ukazwe kama ngozi ya ngoma na ukaguliwe. Wavu uliolegea hunasa ndege, naye hufa akining'inia mbele ya dirisha la mpangaji wenu. Kabla ya kuziba upenyo wowote, mulikeni ndani kwa tochi. Kukiwa na makinda, subirini waruke. Kingo za kuta zikiinamishwa nyuzi 45 au zaidi, njiwa hawezi kukaa. Bundi wa plastiki ni mapambo. Vifaa vya sauti zisizosikika na binadamu, okoeni pesa zenu, kwani njiwa naye hazisikii. Gundi ya kunasia miguu iachwe kabisa, inaua ndege wadogo ambao hawakuwakosea kitu. Na kuwakamata njiwa mkawapeleka mbali ni kuwalipia safari tu. Hawa ni jamaa za njiwa waliokuwa wakibeba barua, watarudi.

Kinyesi kikavu kiloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, na mfanyakazi avae barakoa. Hatari iko kwenye vumbi linalovutwa, hasa darini na sehemu zisizo na hewa.

Jambo jingine dogo. Angalieni miguu ya njiwa wenu. Mtaona vidole vilivyovimba, vingine vimekatika. Watu hudhani ni ugonjwa, kumbe mara nyingi ni uzi au nywele zilizojifunga na kukata damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu njiwa wa Paris ulikuta vidole vilivyokatika vingi zaidi kwenye mitaa yenye saluni nyingi. Mfuko wa nywele uliofungwa vizuri unagharimu nini?

Nimeletewa karatasi mbili za maswali. Ya kwanza inauliza kuhusu kozi na kipanga waliofunzwa. Wanasaidia kufukuza, na London waliwatumia, lakini njiwa huhamia jengo la jirani na kurudi kozi akishaondoka. Ni msaidizi tu.

Ya pili inauliza: kesho asubuhi tuanze na nini? Anzeni kwa kuhesabu. Alfajiri, kabla hawajatawanyika kutafuta chakula, njia ileile, mtu yuleyule. Rudieni mara kadhaa ndani ya wiki mbili na mchukue idadi kubwa kuliko zote, kwa kuwa siku zote kuna wengine wamejificha viotani. Iandikeni, pamoja na mahali chakula kinapopatikana. Bila karatasi hiyo, baada ya miaka miwili mtabishana kama mradi umefaulu, na atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa kikaoni.