Mkipiga marufuku programu, mnamfunga nani?

Ndugu zangu, mlionisikia siku za nyuma mnajua nitaanzia Ujerumani. Naanzia huko tena, maana somo lenyewe bado halijatuingia.

Agosti 2007 kifungu cha 202c cha sheria ya jinai kilianza kutumika kule: ukitengeneza, ukiuza au ukimgawia mwenzio programu iliyokusudiwa kudukulia kompyuta, jela au faini. Wezi hawakutikisika. Waliotikisika ni walinzi wa mifumo. Stefan Esser, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, ambaye Machi ile alikuwa ameanika matundu ya PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, ili yazibwe, aliondoa mtandaoni mifano yake ya kuonyesha jinsi matundu hayo yanavyoshambuliwa. Jarida moja la mtandaoni likaishtaki BSI, idara ya serikali yenyewe ya usalama wa kompyuta, kwa waendesha mashtaka, kwa kosa la kuwaelekeza watu kwenye John the Ripper, programu ya kupimia nywila dhaifu! Mpaka 2009 ndipo Mahakama ya Katiba ikafafanua kuwa chombo kinachofaa kwa mema na mabaya hakimo kwenye kifungu hicho.

Mtaniambia, “Mwalimu, lakini mwizi naye anakitumia.” Anakitumia, ndiyo. Sikilizeni.

Niliitwa kukagua mtandao wa ofisi moja. Barua ya ruhusa iko mezani, ina muhuri. Naandika nmap, programu ya kukagua milango ya kompyuta iliyo wazi kwenye mtandao, kisha anwani ya seva, nabonyeza. Orodha ya namba za milango inashuka: 22 wazi, 23 wazi, 80 wazi. Hiyo 23 ni Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Nywila inapita humo bila kufichwa, aliyejibanza njiani anaisoma kama gazeti. Nikamwita mkuu wa idara aje aone. Hakuuliza mlango ule unafungwaje. Aliuliza programu ile nimeitoa wapi!

Mwizi angeandika amri ileile, herufi kwa herufi. Kilichonitenga naye ni ile barua. Sheria iishike barua, iache programu.

 

Kwetu Kenya, kifungu cha 18 cha sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta kinawakinga wanaofundisha, wanaopima na wanaolinda mifumo kwa ruhusa. Vizuri. Lakini kijana aliyepakua Kali Linux, mfumo wa kompyuta uliosheheni programu za kupimia usalama, anajifunza usiku chumbani kwa kompyuta yake mwenyewe, ruhusa ampe nani? Akikutwa nayo, sheria inamtaka awe na sababu ya kutosha. Ataonyesha karatasi gani? Waheshimiwa mnaotunga sheria, hilo naomba mnijibu kabla hatujatoka kwenda kunywa chai.