Doug Williams: Uwanjani, Benchi la Ufundi, Ofisini

Asante, mwenyekiti. Ndugu zangu, najua wengi wenu mpira mnaoufahamu ni ule wa kupiga kwa mguu, kwa hiyo nieleze kidogo halafu tuachane na sheria. Katika mpira wa Kimarekani kuna mchezaji anayeitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake: anapokea mpira, na kabla hajaangushwa lazima awe ameamua amrushie nani, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Ndiye anayelipwa vizuri na ndiye anayebebeshwa lawama. Kwa miaka mingi wenye timu za ligi kuu, NFL, waliona kazi hiyo haimfai mtu mweusi. Kijana mweusi aliyetamba nayo chuoni, akifika huko, aliambiwa akajifunze kudaka au kukaba.

Doug Williams alizaliwa 1955 Louisiana, akakulia mji wa Zachary. Chuo chake kilikuwa Grambling State, chuo cha watu weusi katika jimbo hilohilo, na kocha wake Eddie Robinson, mzee aliyekuwa pale tangu 1941. Robinson alishamtoa kwotabeki mwingine, James Harris, aliyeanza msimu wa 1969 akiwa kikosi cha kwanza Buffalo. Kwa hiyo pale Grambling jambo hili halikuwa ndoto, lilikuwa na mfano wa mtu aliye hai. Mwaka 1978, katika mgao wa kila mwaka ambamo timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, timu ya Tampa Bay Buccaneers ilimchukua Williams raundi ya kwanza, akiwa wa 17 kuchaguliwa. Kocha msaidizi aliyekwenda chuoni kumkagua aliitwa Joe Gibbs. Lishikeni jina hilo.

Tampa ilikuwa kichekesho. Ilianzishwa 1976 ikapoteza mechi zake 26 za kwanza, moja baada ya nyingine. Williams akaja, na msimu wake wa pili timu ikabakiza mechi moja tu kufika Super Bowl, fainali ya ligi. Katika misimu mitano aliifikisha hatua ya mtoano mara tatu.

Watu wakimzungumzia Williams hukimbilia ile siku moja ya San Diego. Tutafika. Mimi nataka kwanza tuangalie mkataba, kwa sababu humo ndimo maisha yake yote ya baadaye yalimogeuka. Alikuwa analipwa dola 120,000 kwa mwaka, chini ya baadhi ya makwotabeki wa akiba wa timu nyingine. Akaomba 600,000. Mmiliki, Hugh Culverhouse, akagoma kupanda juu ya 400,000. Katika miezi hiyohiyo, Aprili 1983, mke wake Janice akafariki kwa uvimbe wa ubongo, akamwachia mtoto mchanga. Williams akafunga virago. Tampa wakamaliza msimu uliofuata na ushindi wa mechi mbili kati ya 16, na ikawachukua misimu 14 mfululizo kabla ya kupata hata msimu mmoja wa kushinda mechi nyingi kuliko walizopoteza. Ninyi mnaosimamia klabu, dola 200,000 walizoziokoa pale kaziandikeni mnakotaka.

Alimwaga wino Oklahoma, katika ligi mpya ya USFL. Ligi ikafa 1986. Simu iliyolia baada ya hapo ilikuwa ya Joe Gibbs, sasa kocha mkuu wa timu ya Washington ya NFL, akimtaka awe wa akiba. Mwaka mzima wa 1986 Williams alisugua benchi na kurusha pasi moja, nayo haikufika. Msimu wa 1987 alianza mechi mbili za ligi na kupoteza zote, lakini mara kadhaa aliingia kutoka benchi akaiokoa timu, na mtoano ulipofika Gibbs akamkabidhi usukani.

Haya, San Diego, 31 Januari 1988, siku ya Super Bowl. Siku moja kabla yake Williams alikuwa kwa daktari wa meno anatibiwa mzizi wa jino. Mechi ikaanza, wapinzani wao Denver wakaongoza 10–0. Mwishoni mwa robo ya kwanza mguu ukamteleza, goti likapinda, akatolewa nje akichechemea. Robo ya pili akarudi. Pasi yake ya kwanza ikamkuta Ricky Sanders, yadi 80, moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja. Kisha Gary Clark, yadi 27. Mkimbiaji Timmy Smith akachomoka yadi 58. Sanders tena, yadi 50. Clint Didier akafunga hesabu. Pointi 35 katika robo moja! Washington walihitaji mashambulizi 18 tu kuzipata. Mwisho ukawa 42–10, na Williams, kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza mechi ya Super Bowl, akawa mchezaji bora. Kwotabeki wa pili mweusi kuinyakua Super Bowl akiwa ameanza kikosini, Russell Wilson, alikuja kupatikana Februari 2014.

Baada ya msimu wa 1989 Washington walimtema, na hakuna timu nyingine iliyomchukua. Akatundika daluga.

Ukocha ndio sehemu ninayoipenda. Ukocha mkuu wa vyuo aliuanzia Morehouse 1997, na mwaka uliofuata akakalia kiti cha Eddie Robinson huko Grambling. Robinson alikuwa ameondoka na ushindi wa mechi 408. Nani anataka kumrithi mtu wa namna hiyo? Williams alichukua ubingwa wa SWAC, ligi ya vyuo vya watu weusi kusini, mara tatu mfululizo: 2000, 2001, 2002. Kwangu hiyo inaizidi robo ya San Diego, maana chuo hakikuwa na fedha. Mwaka 2004 akaingia ofisini, idara ya wachezaji, na tazameni ni wapi: Tampa Bay, klabu ileile, ila sasa chini ya wamiliki wengine.

Alirudi Grambling 2011, akabeba ubingwa mwaka uleule, na Septemba 2013 akatimuliwa msimu ukiwa na mechi mbili tu. Mwezi uliofuata wachezaji waligoma kwenda kucheza na Jackson State. Walilalamikia ukungu kwenye vyumba vyao na safari ndefu mno za basi.

Washington wakamrudisha 2014, safari hii kama kiongozi, na 2017 wakamfanya makamu mwandamizi wa rais anayeshughulikia wachezaji. Cheo kirefu. Mwaka 2018 klabu ilimsajili mchezaji aliyekuwa amekamatwa kwa tuhuma za kumpiga mwenzi wake, mashtaka ambayo baadaye yalifutwa. Aliyesimama kuutetea usajili ni Williams, na redioni akasema maneno yaliyoonekana kulipuuza jambo lenyewe. Akaomba radhi. Alistahili kukosolewa, ila ningependa kujua kwa nini yeye ndiye aliyepelekwa mbele ya maikrofoni.

Naona mkono kule nyuma. Eeh... unauliza kama aliwahi kuwa meneja mkuu, mwenye neno la mwisho. Aliwahi, nje ya NFL: Virginia Destroyers, klabu ya ligi ndogo ya UFL. Aliiacha kabla haijacheza hata mechi moja, akarudi Grambling. Hao Destroyers wakachukua ubingwa mwaka huohuo wa 2011. Ndani ya NFL, hapana. Haya, swali linalofuata.