Jino Halina Tundu, Mbona Linacheza?

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni, na poleni na baridi hii ya Mbeya.

Pale mlangoni mama mmoja kanishika mkono: "Daktari, jino langu halina tundu hata moja, mbona linacheza?" Mama, nilipanga kuanza kwingine, lakini ngoja nianze na wewe.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi za kolajeni, yaani protini ngumu ya mwili, na kila uzi umesokotwa kwa nyuzi ndogo tatu, kama kamba ya kufungia ng'ombe. Hizo zikikatika, jino linacheza hata kama ni jeupe pee.

Anayezikata nani? Mtasema bakteria wa kwenye ukoga. Wamo, lakini mkasi mwingi ni wetu wenyewe. Seli za fizi zina vipokezi, vinaitwa vya Toll, vinavyonasa vipande vya ukuta wa bakteria. Vikinasa, seli inapiga yowe, chembe nyeupe za damu zinamiminika zikiwa na kimeng'enya, yaani protini ya kukatakata vitu mwilini, kiitwacho kolajenesi, chenye madini ya zinki katikati; huo ndio mkasi wenyewe. Kinaukata uzi mahali pamoja tu: robo tatu huku, robo kule. Baada ya hapo uzi unafumuka wenyewe. Mfupa nao unaliwa.

Basi tukizime kabisa kimeng'enya hicho? Hapana! Mmewaona viluwiluwi madimbwini. Akishakuwa chura, mkia unakwenda wapi? Mwaka 1962 kule Marekani, Jerome Gross na Charles Lapière waliweka vipande vya mkia huo juu ya kolajeni, ikayeyuka. Ndivyo kolajenesi ilivyojulikana. Hata ukijikata na jembe, seli za ngozi zinaishika kolajeni kwa vipokezi viitwavyo integrini, kisha zinaikata ili zipate njia ya kusogea na kuziba kidonda. Mwili una pia breki za mkasi huu. Kwenye fizi iliyovimba miaka mingi, breki zimezidiwa.

Ipo dawa ya kuua bakteria, doksisaiklini, ya miligramu 20, kidogo mno kuua bakteria, ila inakipunguza makali kimeng'enya. Msikimbilie duka la dawa! Bila kukwangua ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, haifui dafu.

Mama, njoo Jumatatu. Nitaingiza kijiti chenye alama za milimita kando ya jino. Kikizama zaidi ya tatu, tutaanza na ugaga.