Maski ya Kuzamia: Ikae Vizuri, Isivuje, Isiume

Karibuni. Leo ni maski tu, mwanzo hadi mwisho, maana ikikusumbua huko chini hufurahii chochote. Maski nzuri ni ile inayofuata umbo la uso wako. Bei na rangi viache pembeni.

Ninazo tatu hapa mezani: ya kioo kimoja, ya vioo viwili, na hii fupi ambayo kioo kinakaa karibu na macho. Mimi napenda hii fupi, hewa ya ndani ni kidogo na maji yakiingia unayatoa upesi. Ukihitaji vioo vya namba, kama vya miwani ya kusomea au kuonea mbali, chukua ya vioo viwili. Zote zina mfuko wa pua. Miwani ya kuogelea haina, kwa hiyo usizamie nayo.

Haya, geuza mkanda uje mbele ya kioo, usikuzuie. Inua uso, tazama dari, laza maski usoni bila kuisukuma. Mwenzako azunguke akague ukingo wa silikoni: juu ya nyusi, kwenye panja, chini ya pua. Akiona mwanya, maski hiyo si yako. Chukua nyingine.

Hakuna mwanya? Vuta hewa kwa pua, kidogo tu. Narudia, kidogo! Ukivuta kwa nguvu hata maski isiyokufaa itanasa, kwa sababu silikoni ni laini na mvuto unailazimisha ifuate uso. Utaondoka dukani umeridhika, kisha majini inavuja. Vuta kama unayenusa ua, zuia pumzi, inamisha uso, achia mkono. Ikibaki palepale sekunde kadhaa, tunaendelea.

Sasa rudia jaribio lilelile ukiwa na regyuleta (kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi) au snokeli (bomba la kupumulia) mdomoni. Watu wengi wanaliruka hili. Ukiuma kile kipande cha mdomoni, mdomo wa juu unapanda na mashavu yanabadilika, na maski iliyokaa vizuri dakika moja iliyopita inaweza kuachia chini ya pua. Ukiwa bado umekiuma, bana pua kupitia mfuko wake, vidole vifike bila shida, hata ukiwa na glavu. Na ukihisi plastiki inagusa mfupa kati ya macho, iache hiyo maski. Mguso mdogo dukani huwa maumivu ya kweli ukikaa nao dakika 40 chini ya maji.

Ngoja, simama hapo. Sogeza kamera karibu na panja la mwenzangu. Mnauona? Unywele mmoja umepita chini ya silikoni. Huo peke yake unatosha kupitisha maji matone kwa matone muda wote. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote, toa kila unywele. Na kama unavaa kofia ya mpira, ukingo wake ukae nje ya silikoni. Silikoni iguse ngozi tupu. Mwenye sharubu anyoe mstari mwembamba chini ya pua, au apake grisi ya silikoni hapo.

Mkanda sasa, na hapa naomba mnisikilize. Mkanda hauzuii maji. Ukishazama, shinikizo la maji ndilo linaloibana maski usoni. Kazi ya mkanda ni kuishikilia isitoke ukigongwa au ukiwa juu ya maji. Ukiukaza sana, silikoni inakunjika na maji yanapata njia. Mtu anaona maji, anakaza. Yanazidi, anakaza tena. Ikivuja, legeza kwanza! Mkanda ulale katikati ya kisogo, pale palipochomoza, juu ya masikio. Ukishuka shingoni unavuta ukingo wa chini na wa juu unaachia. Bizimu za pande zote mbili ziwe sawa, na vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kuvutana nao. Alama nyekundu kuzunguka macho baada ya kuzamia? Legeza. Bado ipo? Legeza tena, na ukumbuke kutoa hewa kwa pua unaposhuka.

Hilo la pua ndilo linalofanya mfuko wake uwe wa lazima. Ukifika mita 10, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na hewa iliyomo kwenye maski inabanwa hadi nusu. Usipoongeza hewa, maski inakunyonya uso: macho mekundu, michubuko. Pumua kidogo kwa pua kila unapohisi inabana.

Maski mpya ina utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Dawa ya meno nyeupe, isiwe ya jeli, kiasi cha punje ya njegere kwa kila kioo, sugua upande wa ndani kwa kidole dakika mbili, suuza, rudia mara mbili au tatu. Kama kioo kimepakwa dawa ya kuzuia ukungu tangu kiwandani, usikisugue. Moto wa kiberiti usiutumie, unaharibu silikoni.

Ukimaliza kuzamia, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, hifadhi kwenye boksi gumu. Usiiweke chini ya mapezi, yale ya kuvaa miguuni: silikoni ikikaa imekunjwa wiki kadhaa inashika mkunjo huo, na hapo ndipo itakapovujia.